Jasho la Momanyi

Wivu ulimwingia Momanyi kupitia mlango wa gari. Si uvumi, si ujumbe uliopotea njia kwenye simu. Ni mlango wa pikapu nyeupe ya kampuni iliyosimama kando ya shamba lake la chai, juu kidogo ya soko la Nyaramba. Mwanamume mwenye buti za mpira alishuka, akazunguka mbele ya gari, akamfungulia Phanice. Phanice akatoa mguu mmoja, halafu wa pili, akasema asante. Momanyi alikuwa katikati ya michai, kikapu mgongoni, kiganja kimejaa majani mabichi. Tangu amwoe mwanamke huyo hakuwahi kumfungulia mlango wowote, isipokuwa wa zizi siku ulipokwama. Aliyatupa yale majani kikapuni kama anayemtupia mtu.

Na tuseme ukweli tu, ni yeye mwenyewe aliyemtafutia hiyo kazi. Kampuni ilipokuja kutangaza kwamba itajenga kwenye kilima chao mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, ilitaka mwanamke wa papo hapo, aliyesoma, wa kukaa na kina mama na kuwageuzia maneno ya mainjinia yawe Ekegusii. Momanyi alinyanyua mkono barazani kabla ya mtu yeyote. Mke wangu amemaliza kidato cha nne, alisema, na anajua kuongea. Siku hizo aliupenda mtambo kama wote waliochoka na stima ya kupotea kila mvua ikinyesha. Aliwaza mabati mapya. Aliwaza binti yao Cynthia, aliyekuwa shule ya bweni, akirudi likizo na kukuta taa imewaka. Pikapu hakuiwaza hata kidogo.

Huyo mwenye buti aliitwa Obwocha, injinia, kijana wa Mosocho. Mgusii kama wao, na hapo ndipo palipouma. Angekuwa mgeni wa ng'ambo, Momanyi angejifariji kwamba hao wawili wanaongea kazi tu kisha maneno yanawaishia. Lakini walielewana lugha mpaka kwenye utani wake. Phanice akipigiwa simu jioni alitoka nje kutafuta mtandao, na Momanyi, akiwa ameketi na uji wake unaopoa, alimsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida kabisa, nacho kilimkera zaidi kwa sababu alikijua. Alidhani ni chake.

Kituoni pa kununulia majani hawakumwonea huruma. Karani Nyangate, mtu wa mizaha, alimwambia mwenye gari nyumbani hafai kubeba kikapu. Wengine wakaanza kumwita Bwana wa Madam. Alicheka nao, utafanyaje, lakini akirudi nyumbani alilinusa koti la mke wake lililotundikwa nyuma ya mlango. Lilinuka ile dawa ya magari, tamu, ya kuning'inizwa kwenye kioo. Alilirudisha kwenye msumari haraka, aibu imemshika, shemasi mzima wa kanisa ananusa nguo kama mbwa.

*

Kilima kilikuwa tayari kimegawanyika. Vijana wengi walitaka ajira. Kina mama na wenye chai wengi walikuwa na hofu, wakisema majivu yatatua kwenye majani na kiwanda kitayakataa. Watu waliokaa benchi moja kanisani kila Sabato walianza kukaa mbalimbali. Wapinzani waliongozwa na Mose, mwalimu mstaafu, mtu mpole mwenye sauti ndogo, na walikuwa wakikutana nyumbani kwake kila Jumapili mchana. Jumapili moja Momanyi akaingia. Mose alishangaa, maana huyu ndiye aliyekuwa mtu wa kampuni kupita wote.

Momanyi alisimama na kuongea. Lo, aliongea! Alisema habari ya moshi, ya watoto kukohoa, ya mabwana wanaokuja na magari mazuri kuchukua vya watu. Hapo kwenye kuchukua vya watu sauti ilimpanda, mishipa ikamsimama shingoni, na wazee wakampigia makofi. Tryphosa, jirani yake, alipangusa machozi. Hakuna aliyejua kwamba moshi haukuwa umemkera hata siku moja. Mtambo kwake sasa ulikuwa na uso, na uso huo ulikuwa wa Mosocho.

Habari zilimfikia Phanice kabla hajavuka soko. Aliingia jikoni, akamkuta mumewe amekaa kwenye kigoda cha watoto akimenya ndizi vibaya.

"Baba Cynthia, nimesikia umeongea vizuri."

"Nimeongea ukweli. Na kesho huendi kazini."

Phanice alichukua kisu mkononi mwake, akaanza kuzimenya mwenyewe. Alimwambia kwamba hata yeye hautaki tena ule mtambo, lakini hawezi kutoka kabla ya siku ya kikao, Alhamisi ijayo, maafisa wa mazingira watakapokuja kutoka Nairobi kusikia maoni ya watu. Kuna jambo, alisema. Watu wanaambiwa mtambo utatumia maji ya mvua yatakayokusanywa bwawani. Si kweli. Kiangazi kikija watavuta maji ya chemchemi ya bondeni, na watazungusha waya hapo. Ile chemchemi ndiyo inayonywesha kilima kizima. Akilisema mbele ya maafisa litaandikwa, na kampuni italazimika kujibu.

Hili lilikuwa jambo la kumwinua mtu kwenye kigoda. Momanyi hakuinuka.

"Nani amekuambia?"

"Injinia Obwocha. Linamsumbua. Anaogopa kulisema mwenyewe, atafutwa."

"Amekuambia wapi?"

"Wapi nini?"

"Nauliza mlikuwa wapi akikuambia. Kwa gari?"

Phanice aliweka kisu chini. Kisha akasema ndiyo, ndani ya gari, mvua ilikuwa inanyesha. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Momanyi hakulisikia tena neno la chemchemi. Alisikia mvua juu ya bati la gari, vioo vimefungwa, watu wawili wananong'ona. Alilala usiku huo ameupa ukuta uso.

*

Jumatatu alikuwa akipogoa michai sehemu ya juu, mahali panapoonekana barabara. Mtu mwenye akili hapogoi kwa panga kali macho yakiwa barabarani. Pikapu ilipopita chini, polepole kwa sababu ya matope, alinyoosha shingo ili aone nani ameketi mbele, na panga likateleza kwenye shina likazama kwenye muundi wa mguu wake. Aliona weupe kabla ya damu.

Vijana wa bodaboda walimkimbiza zahanati. Sista alimshona, akamchoma sindano, akampa vidonge ameze palepale, maana joto la mwili lilikuwa limeanza kupanda. Akamwambia kwa utaratibu kwamba homa itakapokuwa inashuka atalowa jasho, asishtuke, hiyo ni dawa inafanya kazi. Momanyi aliitikia. Akarudishwa nyumbani, akalazwa kwenye kitanda cha chumba cha nje, na mama yake Kwamboka akaja na fimbo yake akaketi kizingitini.

Kwamboka alitazama bandeji, akauliza swali moja tu: mke ameshaingia humu?

Kila mtu wa kwao angeelewa swali hilo. Ni jambo la zamani, wanaliita amasangia. Mke aliyetoka nje ya ndoa yake hamwendei mumewe aliyejeruhiwa. Akimkaribia, mume hutokwa na jasho jingi, damu humhama, na anaweza kufa hivyohivyo mkono umeshika shuka. Mwanamke anayejijua ana hatia hubaki nje akilia. Asiye na hatia huingia, akamshika mumewe, na hakuna linalotokea. Kanisani Momanyi alikuwa ameyakemea mambo hayo kwa kinywa chake, akiyaita giza la mababu. Sasa amelala, mguu unapwita, na akajikuta anangoja. Alitaka kujua. Wivu ulikuwa umemchosha kiasi kwamba hata jibu baya lingekuwa pumziko.

Phanice alifika mchana. Alisikika akishuka kwenye gari, na mlango wa gari ukasikika pia. Tryphosa na wanawake wengine wa jirani walikuwa uani wamekuja kumpa mgonjwa pole. Kwamboka aliweka fimbo kuziba mlango.

"Omokamwana, mke wa mwanangu, unajua sheria za boma hili. Unaingia?"

"Mama, nitie mguu wapi kama si kwa mume wangu?"

Akairuka ile fimbo. Hakusita hata kidogo, wote waliona. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika Momanyi uso kwa viganja viwili, akamwita kwa jina lake la utotoni. Furaha ilimjaa Momanyi: ameingia, hakuogopa, ni wangu. Na papo hapo akahisi unyevu kwenye paji la uso. Halafu shingoni. Halafu jasho likafunguka mwili mzima, shati likamgandia, matone yakamdondoka kidevuni juu ya mikono ya mke wake.

Nje mtu alivuta pumzi. Kwamboka aliinuka bila fimbo.

"Momanyi, unatoka jasho?"

Alijua ni vidonge. Alijua vizuri kabisa, sauti ya sista ilikuwa bado masikioni. Neno moja lilitosha, dawa, na kila mtu angerudi nyumbani kwake. Lakini juu ya bega la Phanice aliona dirisha, na dirishani alimwona Obwocha amesimama uani, ameshika kofia mikononi, uso umejaa wasiwasi. Wasiwasi wa nini? Kwa mke wa nani? Uchungu ulimpanda Momanyi, na ulikuwa na utamu ndani yake, siwezi kuficha. Mwache aone. Mwache naye aaibike mbele za watu, kama nilivyoaibika mimi pale kituoni.

"Baba Cynthia," Phanice akasema polepole, akimtazama machoni. "Sema."

Momanyi akageuza kichwa ukutani. Mikono ya wanawake ikamshika Phanice ikamtoa nje.

*

Kufikia jioni kilima kizima kilikuwa na habari. Kwamboka alitangaza kwamba Phanice aende kwao Nyamache mpaka atakapotaja jina la mwanamume, kisha mbuzi achinjwe na watu wa dawa za kienyeji wasafishe nyumba. Phanice alisema hana jina la kutaja. Alifunga nguo zake kwenye leso, akaondoka kwa miguu mpaka barabarani, kwa maana pikapu ilimjia akaikataa. Watu walisema ameikataa kwa sababu wameshashikwa.

Momanyi alilala vizuri usiku ule. Asubuhi alipoamka nyumba ilikuwa kimya na moto umezimika, na akaanza kuogopa. Lakini wageni walikuja na maziwa, na mayai, wakampa pole nyingi kuliko alizopewa siku ya msiba wa baba yake. Nyangate alikuja, hakutania tena. Kila pole ilifanya iwe vigumu zaidi kusema neno lile moja. Jumatano alijiambia atalisema kesho.

Siku ya kikao, uwanja wa shule ulijaa. Hema liliwekwa, maafisa wakaketi mezani, mainjinia upande mmoja, watu kwenye nyasi. Momanyi alifika akiegemea mkongojo, akapewa kiti cha mbele pamoja na Mose. Vijana wa ajira walisema yao, kina mama wa majivu wakasema yao. Kampuni ikajibu kila kitu kwa picha nzuri za bwawa la maji ya mvua. Kisha mwanamke akasimama nyuma, na vichwa vikageuka. Phanice alikuwa ametoka Nyamache alfajiri, viatu vimejaa tope.

Alianza kwa Ekegusii ili wa kwao waelewe. Alisema, nataka mwulize habari ya chemchemi ya bondeni. Hakufika mbali. Kicheko kilianzia kwa wanawake, sauti ikatoka, atuambie kwanza habari ya kitanda. Uwanja ukalipuka. Vijana wa kampuni walimzomea kwa kuwageuka, na wapinzani wa mtambo, ambao maneno yake yalikuwa silaha waliyoikosa, walimzomea zaidi, kwa sababu kwao alikuwa mke aliyemtokesha jasho shujaa wao. Mwenyekiti aligonga meza. Phanice aliendelea kusogeza midomo, na hakuna aliyesikia.

Mose alimshika Momanyi mkono.

"Mwanangu, huyu anajua kitu. Watanyamaza ukisimama wewe tu. Simama umsafishie njia aseme."

Na Momanyi alisimama, wallahi alisimama. Uwanja ulinyamaza mara moja. Aliona uso wa mke wake ukifunguka kule nyuma, uso wa kumwamini bado. Alifungua mdomo. Neno lilikuwa kwenye ulimi.

Lakini Obwocha alikuwa amesimama kabla yake. Kijana alitoka kwenye safu ya mainjinia, wakubwa wake wanamvuta koti, akavuka uwanja wote akiwa na kipaza sauti, akampelekea Phanice mkononi. "Msikilizeni Madam," akasema. "Anachosema kuhusu maji ni kweli. Mimi nimepima." Ilikuwa kazi yake ikiondoka pale, na alijua. Vidole vyao viligusana kwenye kile kipaza sauti, kidogo tu.

Momanyi aliviona vile vidole. Hakuna kingine alichokiona.

Akaketi.

Kelele iliyofuata ilimaliza kikao. Mnaona, watu walipiga kelele, si huyo hapo bwana wake anamtetea? Hata maafisa walitabasamu. Mwenyekiti alisema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, akauliza kama kuna maoni mengine ya maana, na hayakuwepo.

*

Mtambo ukaruhusiwa. Obwocha alifutwa, akarudi Mosocho, na baadaye ikasikika ameoa msichana waliyechumbiana tangu chuo. Mvua zilipopungua, waya ulizungushwa kwenye chemchemi, na kina mama wakaanza kushuka mpaka mtoni na mitungi. Wengine walisema sasa wamekumbuka kwamba yule mwanamke alitaja chemchemi. Walisema hivyo kwa mshangao, kisha wakajitwisha mitungi.

Momanyi hakungoja kukumbushwa. Mguu ulipopona alinunua mbuzi mweupe dume, akampakia kwenye bodaboda, akaenda Nyamache. Alimkuta Phanice kwenye migomba ya kaka yake akikata majani makavu. Alikuwa amekonda. Momanyi alisema amekuja kumchukua. Mama amekubali, watu wamekubali, mbuzi ndiye huyu, hata jina hawataki tena, wasafishe tu yaishe.

"Wamsafishe nani?"

Momanyi alishika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili.

"Siku ile nilipitia zahanati kabla ya kuja nyumbani," Phanice akasema. "Nilidhani uko bado huko. Sista akaniambia amekupa nini, na kwamba utalowa jasho nisiogope. Niliruka fimbo ya mama yako nikijua. Nilipokuambia useme, nilijua, na nilijua unajua."

"Mbona wewe hukusema?"

"Nilimwambia mama yako nje. Akasema kila mwenye makosa ana sista wake wa kumtetea." Alikata jani jingine, akaliweka juu ya mengine. "Hata hivyo mimi kusema kulikuwa na maana gani. Nilitaka kusikia kwako."

Momanyi alilia. Alimwomba radhi mbele ya shemeji zake waliokuwa wamesogea, akaeleza yote, mlango wa gari, koti, dirisha, vidole, na hakujipunguzia hata moja. Phanice alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia nimekusamehe, lakini mimi sirudi kwa mbuzi. Mbuzi ni wa mwenye uchafu. Nenda ukawaambie watu wa kilima ulivyoniambia. Siku watakapokuamini, nitakuja kwa miguu yangu.

Alirudi na mbuzi. Hakungoja kesho safari hii. Alikwenda moja kwa moja kituoni, wakati wa jioni watu wakiwa wengi kwenye foleni, mama yake akiwemo, akapanda juu ya jiwe na kusema. Alisema vidonge. Alisema sista, waende wakamwulize. Alisema wivu, akalitaja neno hilo mwenyewe, mwanamume mzima mbele ya wanawake na watoto, na sauti yake haikukatika. Mke wangu hakufanya lolote, alisema. Ni mimi.

Kulikuwa kimya. Alidhani kimya hicho ni aibu yao, na tumaini likampanda. Kisha Tryphosa akajipangusa macho kwa kanga na kumwambia mwenzake, si kwa sauti ndogo, masikini, bado anampenda. Mwanamume mmoja akatikisa kichwa. Mwingine akauliza mbona mbuzi amerudi, na aliyeulizwa akasema si unaona, mwanamke amekataa kusafishwa, huyu anamfunikia. Kwamboka alimsogelea mwanawe, akamshika shavu, akamtazama macho kama anayetafuta ugonjwa.

"Mwanangu, wamekulisha nini huko Nyamache?"

"Mama, nawaambia nilikuwa nimemeza dawa."

"Ndiyo, baba. Ndiyo. Shuka hapo."

Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliokua nao, na hakuona hata uso mmoja wenye ubaya. Wote walikuwa wanamhurumia. Foleni ilisogea. Nyangate alimshika kiwiko akamsaidia kushuka kwenye jiwe, kisha, kwa ile sauti wanayosemeshwa wafiwa, akamwomba asimame pembeni na mbuzi wake, wengine wapime majani.